Kadi Thelathini na Nane Zisizo na Mstari

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, Celina Mrema alitolewa mahabusu akakalishwa kwenye benchi mbele ya Inspekta Shomari Kondo. Hakuwa na viatu wala mkanda wa gauni. Vilikuwa kaunta pamoja na saa yake. Kesho yake saa tatu angefikishwa mahakamani kwa kosa la hujuma. Hati ya mashtaka ilikwishapigwa chapa, na kilichobaki ni sahihi ya Inspekta.

Shomari alikuwa ameisoma mara tatu, na kalamu ilikuwa bado mfukoni.

Mambo yenyewe yaliandikwa kwa mistari michache. Kipindupindu kilikuwa mjini wiki ya nne. Kila Jumanne, Shirika la Ugavi wa Mji lilitoa orodha ya mitaa ya kupelekewa maji safi na dawa, na orodha hiyo ilitengenezwa na kompyuta. Jumanne iliyopita, mitaa minne ya Buguruni haikutokea: Bondeni, Kinu, Kisima Kimoja na Mpera. Mitaa ya Keko ilitokea mara mbili. Jumatano malori yakapita barabara kuu bila kuingia Bondeni. Alhamisi yakapita tena. Mpaka Alhamisi jioni watu kumi na mmoja wa mitaa ile minne walikuwa wamezikwa, na Celina, mtoboa kadi za kompyuta namba ishirini na tatu, alikuwa amekamatwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimepewa. Sijanywa."

"Namba yako kazini?"

"Ishirini na tatu."

"Kazi ya Jumanne ilitumwa kwa namba ishirini na tatu."

"Ndiyo, afande."

"Uliituma wewe?"

Celina alitazama sakafu. "Kadi nilizitoboa mimi. Zote elfu moja mia mbili na kumi na mbili."

"Sikukuuliza nani alitoboa. Nimekuuliza nani alituma."

Koplo aliyekuwa mlangoni akakohoa, akasema, "Jana ilikuwa hivi hivi, afande. Ukimuuliza kadi, anaongea kama redio. Ukimuuliza kutuma, betri zinakwisha."

"Saa nane na dakika kumi mchana ulikuwa wapi?" Shomari akauliza.

"Kazini."

Jibu hilo lilitoka haraka kuliko yote, na lilipotoka, mkono wake wa kulia ulishuka chini ya meza.

"Weka mkono juu."

Aliuweka. Ndani ya kigasha, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na alama za kalamu ya kopi, rangi ya zambarau iliyofifia kwa kuoshwa. Namba themanini na sita.

"Hii nini?"

"Hesabu tu, afande. Nilikosa karatasi."

"Mtu anayeshinda katikati ya makasha ya kadi akose karatasi?"

Shomari akafungua jalada ukurasa wa pili.

"Mwezi uliopita ulikuwa unakaa Bondeni. Ulitolewa chumbani. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyeshuhudia barua ya kukutoa, nawe ukamtukana mbele za watu."

"Nilimwambia hana haya. Nilisema, na sitakana. Mwenye nyumba alitaka kumweka shemeji yake, na balozi akakubali kuandika kuwa mimi ni msumbufu."

"Waliokukamata wanasema ndiyo sababu yako. Ulikasirikia mtaa, ukaufuta."

"Afande, mtaa una watu mia tatu. Mimi nilikasirikia mmoja."

"Mjukuu wa huyo mmoja amezikwa jana."

Celina akainua uso kwa mara ya kwanza. "Yupi?"

"Nunu."

Hakulia. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akasahau kuuficha ule wenye namba.

"Nilikuwa namsuka kila Jumapili," alisema. "Hakuwa anakaa kimya hata dakika moja."

Shomari akaitia ile hati kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. "Koplo, mrudishe. Mpe chai nyingine, ya moto."

Kutoka kituoni hadi Kituo cha Mashine, kompyuta zilikowekwa, mjini, ni kuvuka Mnazi Mmoja tu, na Shomari alivuka kwa miguu. Mlangoni alipokewa na Leodegar Massawe, mkuu wa mashine, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na, katika joto lile la Dar es Salaam, sweta la sufu.

"Vua viatu, Ndugu Inspekta. Si dharau, ni vumbi."

Ndani kulikuwa na baridi ya kutia meno ganzi. Makabati ya chuma yalisimama kimya kama watu wanaosubiri kuitwa.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema Shomari. "Maana sijui kitu."

Leodegar alilipenda swali hilo. "Zamani kila kazi ililetwa hapa kwa baiskeli, kadi ndani ya kasha. Sasa kule Kariakoo kuna msomaji, yaani mashine inayosoma matundu ya kadi na kuyapeleka kwa waya wa simu. Mtu wa Kariakoo anatuma kazi bila kuvuka barabara. Hapa tunaipokea. Kazi ikiwa kubwa hatuibebeshi mashine moja. Tunazo tatu: hii, ya chumba cha pili, na ya tatu iko ghalani Kurasini, nayo imeungwa kwa waya. Kazi inakatwa vipande vitatu, kila mashine inafanya chake, kisha majibu yanarudi hapa yanaunganishwa."

"Kama wanawake watatu wanaochambua mchele wa harusi."

"Kama hivyo. Ila hizi hazipigi soga."

"Na mmoja akisinzia, mchele wake unaingia chunguni na mawe."

Leodegar hakucheka. Aliondoka, akarudi na gombo refu la karatasi lililochapwa na mashine yenyewe, akalikunjua mezani. "Soma hapa. Jumanne. Kadi elfu moja mia mbili na kumi na mbili. Mashine ya kwanza ilipewa mia nne na nne, ikamaliza. Ya pili mia nne na nne, ikamaliza. Ya tatu vivyo hivyo. Hakuna iliyosinzia."

"Buguruni ilipaswa kuwa kipande kipi?"

"Cha kati. Mashine ya pili."

"Basi nitaitazama hiyo ya pili."

"Nilitegemea ungesema hivyo. Jana, mbele ya wakubwa wako, nilichukua kazi ile ile kama ilivyoingia, nikakipeleka kipande cha kati kwenye mashine ya kwanza. Jibu likatoka lile lile. Keko mara mbili, Buguruni hakuna. Nikakipeleka Kurasini. Lile lile. Ndugu Inspekta, mashine zilikula kilichopikwa Kariakoo."

Shomari alikubali kwa kichwa. Aliinama juu ya gombo, akapitisha kidole taratibu kutoka mstari hadi mstari. Kikasimama.

"Hapa pana namba ishirini na tatu mara mbili."

"Wapi? Ah. Saa saba na dakika arobaini: namba ishirini na tatu, kadi mia sita na kumi na moja, laini imekatika. Saa nane na dakika kumi: namba ishirini na tatu, kadi zote, imekamilika. Hilo ni jambo la kila siku. Mvua ikinyesha, laini inakatika. Gari likigonga nguzo, laini inakatika."

"Ikikatika, mnaanza upya baada ya muda gani?"

"Dakika tatu. Nne wakiwa wazembe."

"Hizi ni thelathini."

Leodegar alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Sikuliona hilo," alisema. "Nilitazama kama kazi imefika. Imefika."

"Aliyekuwa upande wa pili ni nani?"

"Sioni mtu, Ndugu Inspekta. Naona namba."

"Jumanne mvua ilinyesha?"

"Asubuhi. Mchana palikuwa na jua."

Shomari aliandika kwenye daftari lake: *611. Nusu saa.* Akavaa viatu.

Chumba cha Kariakoo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge, na kelele za soko ziliingia kwa madirisha mawili. Mashine nne za kutobolea zilipangwa sambamba katikati. Mbili zilikuwa zinafanya kazi. Msomaji alisimama ukutani karibu na simu. Pembeni, kando ya meza ya mkuu, palikuwa na mashine ya tano iliyofunikwa shuka la maua.

Mkuu wa chumba, Mzee Muhiddin bin Salem, alisimama kumpokea. Alikuwa na kanzu nyeupe ya Ijumaa, na koti juu yake.

"Karibu, Ndugu Inspekta. Kahawa?"

"Ahsante, baadaye."

"Msiba mkubwa. Na binti mwenyewe si mbaya. Hodari. Hasira tu zimemponza."

"Mzee, nataka kuziona kadi za Jumanne."

"Ziko rafuni. Hatutupi kabla ya wiki nne." Muhiddin alilishusha kasha mwenyewe, akalifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Kadi zilikuwa za rangi ya waridi. Shomari akauliza kwa nini, maana aliyowahi kuona kwenye jalada ilikuwa nyeupe.

"Nyeupe zilikwisha. Hizi ni shehena mpya, zimetufikia Jumatatu hii. Kazi ya kwanza tuliyoitoboa kwa hizi ndiyo hiyo."

Zikiwa zimebanwa pamoja ndani ya kasha, kadi zilionyesha kingo zao za juu tu, na juu ya kingo hizo, kutoka pembe hii hadi pembe ile, ulipita mstari wa penseli ya bluu. Shomari aliugusa.

"Huu nini?"

Aliyejibu ni mwanamke wa mashine ya karibu, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, amejitanda khanga mabegani. Jina lake Mauza. "Mstari wa kupanga, afande. Kasha likianguka, kadi zikatawanyika, unazirudisha mpaka mstari unyooke. Kila mtu na rangi yake. Celina bluu, mimi nyekundu."

"Anauchora lini?"

"Akishamaliza kutoboa zote, nami nikishazihakiki. Ndiyo mkono wa mwisho."

"Basi mstari hautakiwi kukatika."

"Hauwezi."

"Huu umekatika."

Mauza akainuka. Katikati ya kasha, mahali pa upana usiozidi nusu ya kidole, penseli ya bluu ilikoma, kingo za kadi zikawa tupu, kisha bluu ikaendelea mbele. Shomari alichomoa kadi zile tupu moja moja, akizipanga mezani na kusoma namba zilizo pembeni. Ya kwanza ilikuwa mia sita na kumi na mbili. Ya mwisho, mia sita arobaini na tisa.

"Thelathini na nane," alisema. "Na laini ilikatika baada ya kadi ya mia sita na kumi na moja."

"Wiki hii kadi hizi thelathini na nane zilipaswa kuwa nyumba kumi kumi za ile mitaa minne," alisema Mauza polepole. "Kadi moja, balozi mmoja." Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hizi hazikupita kwangu, afande. Kadi niliyoihakiki, mashine inaikata kipengo hapa ubavuni. Tazama hii ya Celina. Sasa tazama hizi. Ubavu mzima."

"Bi Mauza," alisema Muhiddin, "rudi kwenye mashine yako."

"Abaki," alisema Shomari. Alikuwa haangalii tena kadi. Alikuwa anautazama mkono ulioishika. Hina ilikuwa imeanza kupauka, na chini ya hina, juu ya kifundo, palikuwa na rangi ya zambarau.

"Bi Mauza, mkononi kwako naona themanini na saba. Celina ana themanini na sita. Themanini na nane ni nani?"

Mashine ya mwisho iliyokuwa inalia ikanyamaza. Binti mmoja kando ya dirisha, Candida, akainua kidole kama mwanafunzi.

"Mimi, afande. Nimeisugua kwa ndimu mpaka ngozi inauma. Na themanini na tisa ni Hyasinta, leo ni mgonjwa."

"Nyamaza wewe!" alisema Mauza.

"Ninyamaze nini, dada? Ameshahesabu."

Shomari alivuta kiti, akampa Mauza akae. "Mlikuwa foleni."

Mauza alimtazama Muhiddin, kisha akazitazama kadi mezani. "Sukari," alisema. "Jumanne saa saba iliingia duka la ushirika. Ukichelewa hupati, na wote tuna watoto, isipokuwa huyu mwenye ndimu. Wanaandika namba mkononi ili mtu asiingilie. Siku nyingine huenda wawili, wawili wanabaki. Siku hiyo Celina alikuwa amemaliza, nimehakiki, mstari umechorwa, kasha liko tayari. Mzee akasema, 'Nendeni wote. Nitatuma mimi.' Tukarudi saa tisa kasorobo, kazi imekwenda, mlango umefungwa."

"Kwa nini hamkusema jana?"

"Jana Celina alipochukuliwa, Mzee alitukusanya hapa. Akasema kuacha chumba cha serikali wakati wa kazi ni kufukuzwa, sote wanne. Nina watoto watano, afande, na baba yao yuko kaburini. Celina anajua. Alinitazama wakati anashushwa ngazi, akatikisa kichwa hivi, nisiseme." Akafuta uso kwa pembe ya khanga. "Nami sikusema."

Muhiddin alikuwa bado amesimama. "Nilituma, kweli," alisema. "Sikatai. Kutuma ni kubonyeza tu. Karatasi ya kazi ilikuwa na namba ya Celina kwa sababu kadi ni za Celina. Huo ndio utaratibu wetu tangu mwanzo. Namba ni ya aliyetoboa, si ya aliyebonyeza."

"Na hizi thelathini na nane alitoboa nani?"

"Yeye. Pengine aliharibu akazirudia, akasahau mstari."

"Kwenye mashine yake?"

"Angetumia ipi nyingine?"

"Ile yenye shuka."

"Ile imekufa, Ndugu Inspekta. Tangu Ramadhani ya mwaka jana haijaguswa. Nimeandika barua mbili kuomba fundi."

Shomari alilivua shuka la maua, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Alipiga goti.

"Bi Mauza, matundu yakitobolewa, vile vipande vinavyotoka huenda wapi?"

"Kwenye kijisanduku, chini, mkono wa kushoto. Vuta."

Alivuta. Akachukua gazeti, akalitandaza mezani, akakigeuza kijisanduku juu yake taratibu, kama mtu anayetoa keki kwenye bati. Vipande vidogo kuliko punje za ulezi vililala kwenye gazeti vikiwa lundo. Vilivyokuwa chini ya kijisanduku sasa vilikuwa juu, vyeupe, vimeingiwa na vumbi. Shomari akatia ncha ya kalamu, akalifungua lundo. Ndani yake, vilivyoanguka kijisandukuni mwisho, vilikuwa vya waridi.

"Kadi hizi zimeingia Jumatatu," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia."

Kelele za soko zilisikika zote: bei ya nazi, kengele ya mkokoteni, mtu akimwita Mungu. Muhiddin alivuta kiti chake akakaa, na mara akaonekana mzee kuliko alipoingia Inspekta.

"Balbu," alisema.

"Balbu gani?"

"Kadi zikishika unyevu zinavimba, msomaji anazitafuna. Kwa hiyo tunazilaza kwenye sanduku lenye balbu inayowaka, zikauke. Balbu iliungua Jumatatu usiku. Madukani hakuna. Asubuhi ikanyesha. Nilipotuma, zilipita mia sita na kumi na moja, kisha msomaji akaanza kutafuna. Thelathini na nane. Nilizitoa vipande vipande."

"Ungerudisha kazi kwa Celina."

"Celina yuko foleni, nimemruhusu mimi. Fomu zenye majina zilikwisharudishwa makao makuu na tarishi saa sita. Kituo kinafunga laini saa nane na nusu. Orodha isipokwenda Jumanne, Jumatano hakuna lori hata moja, mji mzima. Utafanya nini?" Alingoja kama anayetaka kujibiwa kweli. "Nilichukua nakala ya orodha ya wiki iliyopita, maana kadi zake zina tarehe yake, Kituo kingezikataa. Wiki tatu mfululizo orodha ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Nikatafuta namba mia sita na kumi na mbili mpaka mia sita arobaini na tisa, nikaketi pale, nikazitoboa. Dakika ishirini na tano, Ndugu Inspekta. Hakuna binti wa chumba hiki anayeweza."

"Wiki iliyopita namba hizo zilikuwa za Keko."

"Sasa najua. Wiki hii waliiingiza Buguruni katikati, Keko ikasogezwa mbele. Kwa hiyo Keko niliyotoboa mimi ilikuwapo tena baadaye kidogo."

"Ulikuwa unaandika Keko kwa mkono wako. Hukuliona neno?"

Muhiddin alitabasamu kidogo, bila furaha. "Mtoboaji mzuri hasomi. Nimewafundisha hawa wote hivyo. Jicho linachukua herufi, kidole kinapiga. Anayesoma maneno anachelewa. Mimi nilikuwa mtoboaji mzuri kuliko wote mjini."

"Ulijua lini?"

"Jana. Makao makuu walipopiga simu kusema Keko imetokea mara mbili."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Celina alikamatwa saa ngapi?"

Mauza ndiye aliyejibu. "Saa kumi."

"Basi ulikuwa na saa nzima," alisema Shomari.

"Nilikuwa nayo."

"Uliitumia kuwakusanya wanawake hawa?"

"Hapana. Hilo lilikuwa baada ya kuchukuliwa. Saa ile nzima nilikaa hapa, nimeutazama mlango. Nilisema moyoni, wakiuliza, nitasema. Walipofika hawakuuliza. Walisoma namba kwenye karatasi wakasema, 'Ishirini na tatu ni nani?' Nikaonyesha kwa kidole."

Candida alianza kulia kando ya dirisha. Shomari alifunga lile gazeti na vipande vyake, akalifunga kwa uzi, akazifunga kadi thelathini na nane peke yake. Kisha akachukua karatasi tupu ya kazi kutoka kwenye rundo lililokuwa mezani, ile ile ambayo kila mtoboaji hujaza kabla ya kutuma, akaiweka mbele ya Muhiddin.

"Nijazie hii kwa kadi hizi."

Muhiddin alichukua kalamu. Aliandika tarehe ya Jumanne, kwa mwandiko mzuri. Aliandika idadi: thelathini na nane. Kwenye kisanduku cha namba ya mtoboaji kalamu ilisimama, na kwa muda Inspekta alifikiri kwamba ameisahau.

"Tangu nipewe ukuu sijaiandika," alisema. "Mkuu hana haja nayo."

Akaandika: saba.

Pingu hazikutumika. Walipofika mlangoni Mauza aliwakimbilia, ana furushi dogo lililofungwa kwa gazeti na kamba ya ukindu.

"Kilo mbili, za Celina. Nilimpokelea, zikabaki kwenye mtoto wa meza yangu. Mpelekee, afande. Mwambie..."

"Utamwambia mwenyewe. Utakuja kuandika maelezo leo saa tisa. Wewe na Candida, na Hyasinta akiweza."

Njiani muuza vitenge wa chini aliwaona wakipita bega kwa bega, akapaza sauti, "Mzee Muhiddin! Leo unalindwa na serikali, umekuwa mkubwa sana!"

"Alhamdulillahi," alijibu Muhiddin, na akaendelea kutembea.

Kituoni, Shomari aliitoa ile hati ya mashtaka, akaipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akaiambatisha kwenye jalada na maelezo mapya ya kurasa tatu. Palipoandikwa watumishi wanne walikuwa wapi, aliandika: *nje ya chumba kwa ruhusa ya mkuu wao*. Hilo lilikuwa kweli, naye hakuongeza neno.

Saa nane Celina alisimama kaunta. Koplo alimhesabia viatu, mkanda, saa. Aliufunga mkanda, akaivaa saa, akasikiliza kama inatembea.

"Mzee?" aliuliza.

"Ndiyo. Ulijua?"

"Nilijua kwamba alituma. Sikujua alitoboa." Akavaa viatu. "Bi Mauza atafukuzwa?"

"Si kwa niliyoandika mimi. Hii yako."

Celina alilipokea furushi, akalipima kwa mkono, akajua ni nini kabla ya kulifungua. Hakulifungua.

"Basi la kwenda kwako linasimama upande ule," alisema Shomari.

"Siendi kwangu, afande. Leo Bondeni wako matangani. Watu hawawezi kukaa na chai isiyo na sukari."

"Balozi anaweza asikuruhusu kuingia. Bado anadhani ni wewe."

"Nitaiacha mlangoni."

Shomari alimtazama, kisha akachukua kofia yake kwenye msumari. "Ngoja," alisema. "Nitatangulia mimi, nimwambie."

Walishuka ngazi, yeye mbele, Celina nyuma amelikumbatia furushi kwa mkono wa kulia, na zambarau ya themanini na sita ilikuwa bado inasomeka.